Pembe Nne za Kitambaa cha Zawadi

Fundi wa magauni ana mahali pa kuficha kasoro: ndani ya vazi. Anayeshona kitambaa cha kufungia zawadi hana. Fundo likishafungwa, masikio yake huonyesha upande wa ndani. Likifunguliwa, mpokeaji hukitandaza kitambaa mapajani na kukiona chote. Tena uzito wote hubebwa na pembe nne. Wajapani na Wakorea, waliofungia vitu kwa vitambaa kwa karne nyingi, waliweka ufundi wao hasa kwenye kingo na mishono.

Furoshiki ya Japani ni kitambaa kinachokaribia mraba, urefu ukizidi upana kidogo. Kwa zawadi ndogo, saizi inayotumika sana ni sentimita 45 hadi 50. Kanuni ya kupima ni kwamba kitu kinachofungwa kisizidi theluthi ya ulalo, yaani umbali wa kutoka pembe moja hadi ya mkabala. Kitambaa cha sentimita 50 kina ulalo wa takriban 71, kwa hiyo boksi la sentimita 23 linaenea na bado zinabaki ncha za kutosha kufungia fundo.

Ufundi wenyewe uko kwenye pindo. Furoshiki ya jadi hupindwa juu na chini tu. Kulia na kushoto huachwa ukingo uliofumwa pamoja na kitambaa, ambao haufumuki. Hesabu inaonyesha faida yake. Pindo lililokunjwa mara mbili lina matabaka 3. Pande zote nne zikipindwa hivyo, kila pembe ambapo pindo linakutana na pindo inakuwa na matabaka 9. Pembe ya namna hiyo huwa ngumu, fundo halikazi, na sindano ya cherehani huweza kuvunjika papo hapo. Pande mbili zikipindwa, pembe hubaki na matabaka 3 na kulegea mkononi.

Muundo huo si mgeni kwa mwenye kuvaa kanga. Doti hununuliwa ikiwa kipande kimoja, ikakatwa katikati na kupindwa ncha zilizokatwa. Kingo ndefu hazihitaji uzi.

Tatizo ni vipande vinavyobaki chini ya meza ya fundi, ambavyo mara nyingi havina ukingo hata mmoja. Hivyo lazima vipindwe pande nne, na hapo pembe hutaka kazi ya ziada. Ili kupata kitambaa cha sentimita 45, hukatwa mraba wa 48, yaani nusu sentimita ya mkunjo wa kwanza na sentimita moja ya mkunjo wa pili kila upande. Mikunjo yote hupigwa pasi kwanza, kisha hufunguliwa. Alama za pasi za mikunjo ya pili hukutana karibu na kila pembe. Nusu sentimita nje ya makutano hayo, ncha hukatwa kwa mshazari. Mkato huo hukunjwa ndani, ndipo pindo mbili hurudishwa zikutane kwa mstari wa mshazari bila kulaliana. Ni dakika chache tu za mkasi na pasi, na ndizo zinazoamua kama fundo litakaa vizuri.

Wakorea walienda mbali zaidi. Katika enzi ya Joseon, 1392 hadi 1910, wanawake waliunga mabaki ya vitambaa vya nguo wakatengeneza jogakbo, kitambaa cha viraka cha kufungia na kufunikia vitu. Nyingi hazina bitana. Kwenye hariri nyepesi, au kwenye mosi inayofumwa kwa nyuzi za gome la mmea wa rami, ukingo wowote uliokatwa ungeonekana. Suluhisho mojawapo ni mshono wa gekki: vipande viwili hushonwa, mshono hukunjwa na kushonwa tena karibu kabisa na mkunjo, kinachozidi hukatwa, kisha hukunjwa na kushonwa mara ya tatu. Hubaki mstari mwembamba wa milimita chache, safi pande zote mbili. Jogakbo ikishikwa dhidi ya mwanga, mistari hiyo huonekana myeusi kwa kuwa kitambaa kimerundikana hapo, na ndiyo inayochora umbo lote. Ufumaji wa mosi ya Hansan, eneo la Korea Kusini, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2011.

Furoshiki nayo ilikuwa imepata msukumo mpya miaka michache kabla ya hapo. Februari 2005 mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alizuru Japani na kuibeba kauli ya huko ya kupinga ufujaji, mottainai, katika kampeni zake za mazingira. Mwaka 2006, kwa moyo huohuo, Waziri wa Mazingira wa Japani wa wakati huo, Yuriko Koike, alizindua furoshiki iliyofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa.

Kwa anayetaka kushona kwa kitenge, kile cha wax kinafaa kuliko vingine, maana rangi yake hukolea pande zote mbili na masikio ya fundo hayapauki. Kifuliwe kabla ya kukatwa. Kikisinyaa baada ya kushonwa, pindo hujikunyata na pembe, hata zikikatwa kwa uangalifu namna gani, hupinda.