Kabla Chuma Hakijalia

Saa ikalia, pii! Bastola ndogo ya mzee ikapanda kutoka ilipokuwa imeelekezwa, kwenye kibendera kilichochomekwa ardhini mbele yake, milio mitano mikavu ikafuatana, akaishusha. Sahani ya mwisho ilikuwa bado inavuma. Nikamgeukia jamaa aliyenileta, nikamwuliza mzee anaanza saa ngapi. Akacheka. Msimamizi alikuwa ameshasoma muda: sekunde mbili na pointi sitini na moja.

Tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji mdogo wa Ohio, Jumamosi asubuhi, umande haujakauka. Jamaa ninayefanya naye kazi ghalani alikuwa amenisumbua miezi kadhaa niende nikaone. Watu kama thelathini, wengi wazee wenye viti vya kukunja na chupa za chai, fundi bomba mmoja, mama mmoja na bintiye. Mimi nimekulia mahali ambapo mlio wa bunduki maana yake ni kufunga mlango na kulala chini ya kitanda, na sitadanganya kwamba hofu ile niliiacha getini. Wamarekani wenyewe wanavutana vikali juu ya silaha, na wana sababu. Lakini nilichokiona asubuhi ile kilikuwa ufundi wa mikono, na ufundi wa mikono nikiuona huwa nakaa chini nikautazama.

Mchezo wenyewe hauna siri. Ulianzishwa California mwaka 1981 na Mike Dalton na Mike Fichman, wakauita Steel Challenge. Kuna vituo 8 vinavyojulikana nchi nzima, kila kimoja na jina lake na vipimo vyake, kiasi kwamba muda wako wa Ohio unaweza kuulinganisha na wa mtu wa Texas. Kila kituo kina sahani 5 za chuma. Unazipiga zote haraka uwezavyo, na ile moja iliyoteuliwa kuwa ya mwisho ndiyo inayofunga hesabu. Unarudia mara tano, muda mbaya kuliko yote unatupwa, minne iliyobaki inajumlishwa. Sahani uliyoiacha bila kuigusa inakuongezea sekunde 3. Ni kituo kimoja tu, Outer Limits, ambacho mpigaji huhama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine katikati ya kupiga, na hicho hurudiwa mara nne badala ya tano. Kwenye mashindano madogo ya mtaani kama haya huenda wakapanga vituo vinne au vitano tu, kulingana na nafasi na mikono ya kubeba vyuma.

Na vyuma hivyo ni vizito. Si bati wala chuma cha geti. Ni chuma kigumu cha aina inayoitwa AR500, namba inayotaja ugumu wake. Sababu ya kuuchagua ugumu ule ni usalama kabla ya kitu kingine. Chuma laini kikipigwa huchimbika, na kishimo kile hugeuka kibakuli cha kurudisha vipande vya risasi kule vilikotoka. Chuma kigumu hubaki nyororo usoni kama meza, risasi ikipasuka juu yake vumbi la risasi husambaa pembeni. Tena sahani huinamishwa kidogo mbele ili vipande vielekee chini. Hata hivyo hakuna anayeruhusiwa kusogea bila miwani, awe mpigaji, mtazamaji au mtoto.

Kati ya mpigaji na mpigaji, watu wawili watatu hutoka na makopo ya rangi nyeupe, wakazipulizia sahani upya. Nilipewa kopo. Ukisimama mbele ya sahani ndipo unaposoma tabia ya mtu. Za fundi bomba zilikuwa na alama zilizotawanyika hadi ukingoni, moja juu, moja chini, kama mvua ya mawe. Za mzee zilikuwa na kifundo kimoja cha kijivu katikati, upana wa kiganja, na kilichonishangaza ni kwamba kwenye sahani kubwa, zilizo karibu, hakikuwa kidogo zaidi. Sahani kubwa hakuwa anaipiga kwa uangalifu uleule wa ndogo. Kila moja alikuwa anaipa umakini inaoustahili, basi, hata chembe ya ziada hakuna.

Kituo tulichokuwapo kiliitwa Smoke & Hope, moshi na matumaini. Sahani nne za mstatili, inchi 18 kwa 24, mbili kila upande, karibu sana, yadi 7 hadi 9. Katikati, nyuma zaidi, yadi 14, sahani ya duara ya inchi 12, na hiyo ndiyo ya kumalizia. Jina lake ni utani wa watu waliokwisha kuumia: zile nne unazifyatulia kwa kasi ya mwendawazimu mpaka moshi utande, kisha unabaki na matumaini tu juu ya ile ya tano. Nilimtazama mzee raundi zote tano. Kwenye zile nne mikono ilipita kama mtu anayefuta vumbi kwenye rafu. Kabla ya ya tano palikuwa na pumziko dogo mno, huwezi kuliita kusita. Mara tano, pumziko lilelile.

Baadaye nilimwuliza anawezaje kuzisikiliza sahani kwa kasi ile. Akasema hazisikilizi.

Nikapiga hesabu nikiwa kwenye kiti. Kwenye vituo vyenye sahani ya yadi 35, risasi ndogo ya .22 inayokwenda kwa kasi iliyo karibu na ya sauti huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde kufika, na mlio wa chuma huchukua kiasi hichohicho kurudi. Anayengoja kusikia ndipo ahamie sahani nyingine amekwisha kupoteza sehemu ya tano ya sekunde, na mashindano haya huweza kuamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo mzee anajua kwa namna nyingine. Anaona kilengeo kilikuwa wapi wakati risasi inatoka, na hilo linamtosha. Jicho lake liko kwenye sahani ya tatu wakati ya pili haijalia. Na akikosa anajua pia, anarudi na kuipiga tena kabla ya kufunga hesabu, wakati sisi watazamaji tungali tunatega masikio.

Hapo nilikumbuka manati. Mtoto yeyote aliyewahi kupigia embe anaijua hali hii: mpira ukishaachia tu, kabla jiwe halijafika juu, mkono umeshakuambia. Wale waliokuwa mabingwa mtaani kwetu walikuwa wanainama kuokota jiwe la pili jiwe la kwanza likiwa bado hewani.

Zamu yangu ikafika, na bastola ya kuazima. Msimamizi alisimama kwenye bega langu, hatua moja nyuma. Mtutu hauachi kuelekea kwenye tuta lililo nyuma ya sahani, kidole hakiingii kwenye kifyatulio mpaka unalenga, na hakuna anayejaza risasi mpaka aambiwe. Ukikiuka, unafungasha na kwenda nyumbani, hata uwe bingwa, na hakuna anayeona aibu kukuambia. Raundi ya kwanza sekunde saba na ushei. Ya pili sita. Ya tatu niliisahau kabisa sahani moja, ikaingia ile adhabu ya sekunde tatu, nami nikaishukuru kanuni ya kutupa raundi mbaya. Raundi ya nne niliamua kupunguza mwendo na kutazama kilengeo badala ya sahani. Risasi ya nne ilipotoka niliona kilengeo kimetelezea kulia, nikajua imekosa. Kweli, kimya. Nikairudia. Muda wangu ulikuwa mbaya, lakini mzee, aliyekuwa ameshika kopo la rangi, alitikisa kichwa kukubali.

Nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Binti wa yule mama alinipita kwa mbali.

Ukipata mwenyeji wa kukupeleka, anza na bastola ya .22: risasi zake ni za bei nafuu na haziupigi mkono. Beba magazini 5 ili usijaze katikati ya kituo. Vituo vyote 8 vinakula risasi 195 kwa mtu asiyekosa hata moja, kwa hiyo chukua 300. Miwani, kinga ya masikio, maji, kofia. Wahi mapema usaidie kubeba vyuma, na nguo nzuri ziache nyumbani, maana ile rangi nyeupe haitoki.