Mafundi wa Kukumbusha

Lukasa ni ubao mdogo wa kushika mkononi. Umechongwa ukabana kiunoni na kupanuka juu na chini, na usoni umepambwa kwa shanga, simbi na pini za chuma. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mtawala na watu wa baraza lake. Shanga zilizopangwa mstari ni njia, safari, kuhama. Kwa ubao huo Waluba wa bonde la Upemba walitunza habari za mtawala Nkongolo, za Mbidi Kiluwe mwindaji aliyekuja kama mgeni, na za mwanawe Kalala Ilunga aliyeusimamisha ufalme. Kuusoma ilikuwa kazi ya watu wa chama cha Mbudye, nao hawakuifikia ila kwa kupanda ngazi za mafunzo, moja baada ya moja.

Maji ya Lualaba yanayopita Nzilo, jirani na Kolwezi, kusini mwa Kongo, ambako bwawa la umeme wa migodi lilijengwa mwaka 1952, ndiyo hayohayo yanayoteremka kaskazini hadi maziwa ya Upemba. Nautaja mto kwa sababu watu wa ukanda huu wa shaba wamezoea kuambiwa kwamba mali yao iko chini ya ardhi. Iko mali nyingine hapa, nayo ni ustadi wa kukumbusha. Nauheshimu kuliko ufundi mwingine wowote ninaoufahamu, na ningependa mwanafunzi wa saikolojia wa Kolwezi akutane nao siku ya kwanza darasani, kabla hajatajiwa jina la mtaalamu yeyote wa Ulaya.

Kwa kawaida somo la kumbukumbu huanza na Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi tupu, akapima zinavyomponyoka kadiri saa na siku zinavyopita. Silabi hizo alizichagua makusudi ili maana isimsaidie. Kazi yake ni safi na bado inafundishwa, lakini inamwacha mtu peke yake chumbani, na vitu asivyovijali. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett aliligeuza swali katika kitabu chake. Aliwasomesha watu wa Cambridge ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, akawaomba waisimulie upya baada ya muda. Wakapunguza hapa, wakaongeza pale, mitumbwi ikawa mashua, mpaka ngano ikafanana na hadithi za kwao. Katika kitabu hicho hicho anamweleza mchungaji wa Eswatini aliyewataja ng'ombe walionunuliwa mwaka mzima nyuma, mmoja mmoja, na alama zao na bei zao, karibu bila kukosea. Ng'ombe walikuwa ndio maisha yake. Bartlett akaona kwamba kukumbuka ni kujenga upya, na kwamba mtu hujenga kwa kile anachokijali na kile anachokijua tayari.

Watu wa Mbudye walikuwa wameshaliweka jambo hilo ndani ya mti. Ubao mmoja haukusomwa namna moja kila mara. Habari ilifuata tukio lililowakusanya watu, wasikilizaji waliokuwepo, na ujuzi wa msomaji mwenyewe, naye aliweza kushika njia hii ya shanga leo na nyingine kesho. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, walioandaa maonyesho na kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu, New York, 1996, walilisisitiza hilo. Wako watakaoona udhaifu hapo: kumbukumbu gani hiyo inayobadilika? Mimi naona kilele cha ufundi. Daftari husema neno lile lile kila linapofunguliwa, hata mbele ya watu wasiolihitaji. Lukasa humlazimisha msomaji ajue ameketi mbele ya nani, na habari gani inatakiwa leo. Kwa hiyo fundi alipaswa kujua kiasi cha kuacha. Angejaza kila kitu, pasingebaki kazi kwa anayesoma, na ujuzi wa chama kizima ungelala.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky na wenzake wa Moscow walilikaribia wazo hili kwa njia ya watoto. Mmoja wao, Alexei Leontiev, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1931, aliwapa watoto maneno ya kukumbuka pamoja na kadi zenye picha za kuwasaidia. Wadogo ambao hawajafikia umri wa shule kadi hazikuwafaa sana. Wenye umri wa shule waliruka mbele kwa mbali, kwa kuwa walishaweza kuitwaa picha ya kitu kimoja na kuifanya ishara ya kingine. Kumbe akili ya mtoto, ikikua, hutoka nje ya kichwa: hujifunza kushikilia alama iliyo mkononi au ukutani na kuitumia kujiongoza. Ukiushika ubao wa lukasa na fikra hiyo, unaona umeshika chombo cha akili iliyopevuka kabisa.

Miaka ya 1960 na 1970 ustadi huu ulipata mwili mwingine mijini. Wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walichukua vitambaa vya magunia ya unga, wakavikaza kwenye fremu za miti, wakachora picha za kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi au karani aliiweza. Hazikwenda kwenye majumba ya maonyesho. Zilitundikwa sebuleni, juu ya viti vya wageni. Mnunuzi alikuwa na chaguo: mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, kijiji cha bankambo, yaani mababu, kando ya mto, au ile picha iliyoitwa Colonie Belge. Picha za mambo ya zamani wenyewe waliziita ukumbusho.

Colonie Belge ilichorwa na mikono mingi, na karibu kila mkono ulishika mpango ule ule. Ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji juu. Mfungwa amelala chini, askari Mwafrika anamchapa fimbo, Mzungu amesimama kando anatazama, mara nyingi kiko mdomoni. Wafungwa wengine wanabeba maji au mizigo, na wanawake wamekuja na chakula. Chini au juu imeandikwa: 1885–1959. Mwalimu wa historia ataikataa tarehe hiyo. Koloni ya Ubelgiji ilianza 1908, ilipoichukua nchi kutoka kwa Mfalme Leopold, na uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Lakini tazama mchoraji amefanya nini. Amezishika zama za Leopold na zama za Wabelgiji kuwa kitu kimoja, maana mgongo uliochapwa haukuona tofauti, akaufunga mlango mwaka wa ghasia za Léopoldville, Kinshasa ya leo, pale watu walipoacha kuogopa. Ndivyo ninavyoisoma mimi. Tarehe ile ina hoja ndani yake.

Mkubwa wao, kwa wale tunaowajua kwa majina, ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Alichora wachimbaji waliopigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, Desemba 1941, walipogoma kwa ajili ya mshahara. Alichora kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, na wenzake Mpolo na Okito, na kwa nyuma akasimamisha misalaba mitatu, bila haja ya kueleza zaidi kwa watu waliolelewa kanisani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikakatika. Picha alizomchorea Fabian sasa ziko Amsterdam.

Kwa nini mtu aliyechoka na zamu ya usiku atundike kiboko sebuleni mwake? Hapa ndipo saikolojia ya ushawishi inaponisaidia. Mwaka 1951 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari iliyochorwa kwenye kadi, akauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi, lakini wote waliokuwa chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa waseme uongo. Karibu theluthi ya majibu ya yule mmoja yaliufuata uongo wa kundi. Kuna sehemu ya matokeo haya inayotajwa kwa haraka mno vitabuni: Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, utii ulishuka vibaya. Hakuhitajika wa pili wala wa tatu.

Sasa ipeleke hesabu hiyo katika Kongo ya chama kimoja, iliyoitwa Zaïre, chama cha MPR kilichoanzishwa mwaka 1967, nchi ambayo watu waliimba na kucheza kwa amri ili kumsifu kiongozi. Wote wanasema mstari mfupi ni mrefu. Sebuleni kuna picha ya mtu mweusi anamchapa mtu mweusi huku mkubwa anatazama. Inahusu Wabelgiji, imeandikwa hivyo, hakuna wa kumkamata mwenye nyumba. Mgeni anaitazama, mwenyeji anamtazama mgeni, na mazungumzo yanaweza kuanzia huko zamani na kufika yanakofika. Picha ile ilikuwa yule msema kweli mmoja wa Asch. Iliingia nyumbani kabla ya wageni na ilibaki baada yao, na haikubadili jibu lake.

Mtoto naye yupo. Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi. Karibu hakuna mtu mzima anayekumbuka miaka yake mitatu ya kwanza. Robyn Fivush, Katherine Nelson na wengine waliofuatilia jambo hili wameonyesha kwamba habari za maisha ya mtoto hujengeka katika mazungumzo na wakubwa. Mzazi anayeuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, anayeongeza jina la mtu, mahali, sababu, hisia, humlea mtoto mwenye simulizi pana za maisha yake. Anayehoji kama mtihani hapati hayo. Mtoto aliyeketi chini ya Colonie Belge alikuwa na mambo ya kuuliza. Papa, huyu amefanya nini? Hawa mama wamemletea nani chakula? Nkambo alikuwepo? Jibu la swali la tatu halikuwa kwenye picha, na lilikuwa la nyumba ile peke yake. Wachoraji waliorudia mpango mmoja mara elfu waliwapa watu wa mtaa mzima mlango wa pamoja, kisha kila familia ikaingia kwake.

Nisiwapambe mafundi hawa kupita haki. Kusimulia pamoja hufunga mambo pia. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba neno moja zito katika swali lilitosha kuwafanya walioona filamu ya ajali ya magari watoe mwendo wa kasi zaidi, na baadhi yao, wiki moja baadaye, wakakumbuka vioo vilivyovunjika ambavyo havikuwapo. Kolwezi yenyewe ina somo hili. Wazee wa Gécamines huikumbuka kampuni hiyo ya migodi kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi: posho, hospitali, shule, nyumba iliyopakwa rangi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita, katika kitabu chake cha 2001, wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Kila kilio cha baada ya 2003, maelfu walipoondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, kimezidi kuyang'arisha ya zamani, na wale wa uwanja wa 1941 wanarudi nyuma kidogo kila mwaka. Hakuna anayedanganya. Ndivyo kumbukumbu inavyojengwa upya, kwa kile kinachouma leo. Na ndiyo sababu inafaa Colonie Belge iendelee kuwapo ukutani, ili posho na fimbo zisimuliwe katika kikao kimoja.

Kuta zenyewe ndizo zinazopungua. Katika mtaa wa Kasulo, hapo Kolwezi, mwaka 2014, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Wakachimba uani, wakachimba vyumbani, wakafunika midomo ya mashimo kwa maturubai. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wakazi wake wakahamishwa. Endel Tulving na Donald Thomson walieleza mwaka 1973 kwamba kumbukumbu huitika vizuri zaidi inapokutana na ishara zile zilizokuwapo ilipoingia. Barabara, mwembe, kizingiti cha jirani: hizo ni shanga za mtaa. Ukizing'oa, habari bado zimo vichwani, lakini hakuna kidole kitakachozigusa.

Kasulo inahitaji ukumbusho wake, na mchoraji wa kuufanya akiwa kijana wa leo atakuwa na kazi ngumu ya kuchagua. Simu zimejaa picha za Kasulo, na picha za simu hazichagui. Huchukua vyote, hata vumbi. Ningemwomba asichore mgodi mzima. Achore sebule moja: viti vimesukumwa ukutani, shimo katikati ya sakafu, kamba inateremka, mama amesimama mlangoni na sufuria. Sura zao asizimalize, ili aliyetoka barabara yoyote ya mtaa ule aweze kusema ni kwao. Tarehe aandike anayoiona yeye ni sahihi, na walimu wabishane naye. Kisha auze nakala nyingi, kwa bei ya mchimbaji wa mikono, kwa watu wanaojenga upya vitongojini, wapate cha kuulizwa na watoto wao.