Uzito Unaostahimili Uchachu

Watengenezaji wa sabuni ya maji Kayole wanaijua siri ya chumvi. Unakoroga Ungarol, ile malighafi ya sabuni, na maji, unatia chumvi kidogo kidogo, na kilichokuwa chepesi kinashikana ukikitazama. Ukizidisha, kinalegea tena. Mama mmoja wa karibu na steji ya Masimba alianzia kwenye sabuni hiyo. Siku hizi anatengeneza jeli ya uso yenye asidi ya laktiki, ile ile inayoipa mala uchachu wake, na huku chumvi haimsaidii.

Jeli hiyo anaiweka kwenye pH ya 3.8 hivi. Ikipanda sana, sehemu kubwa ya asidi inageuka chumvi yake na haing'oi tena ngozi iliyokufa. Ikishuka mno, inachoma. Na jeli yenyewe sharti iwe nzito, la sivyo itateremka hadi machoni.

Kabomeri, kizito kinachosifiwa kwa jeli angavu, haifai hapa. Minyororo yake hukunjuka pale inapotulizwa kwa alkali: inapata chaji, inasukumana, maji yananaswa katikati. Kwenye uchachu hubaki imejikunja, na chumvi huzidi kuibomoa. CMC, kizito kingine anachokijua tangu enzi za sabuni, hupoteza nguvu pH ikishuka chini ya 4.

Kizito kiitwacho zanthani hustahimili. Hutokana na Xanthomonas campestris, bakteria yule yule anayeozesha sukuma wiki na kabichi shambani. Mkemia Allene Jeanes na wenzake ndio walioifanyia utafiti huko Peoria, Marekani. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba ugonjwa wa mboga umetupatia kitu kinachosimama imara ndani ya asidi. Ila zanthani ikiwa nyingi huvutika kama mrenda, na wateja hawaipendi usoni.

Kwa hiyo anaichanganya na hidroksiethilselulosi, ambayo haina chaji, basi uchachu hauna pa kuishika kwa urahisi. Utaratibu wake ndio ninaoustahi. Unga wa selulosi hiyo anautia kwenye maji ambayo bado hayajachachushwa, kwa kuwa kwenye asidi huchelewa kuvimba, kisha anasubiri mpaka yaangaze. Zanthani anailowesha kwanza kwa gliserini isifanye madonge. Asidi inaingia mwisho, polepole, huku akipima.

Hata hapo haiuzi mara moja. Asidi na joto hukata minyororo ya selulosi taratibu, na jeli iliyokuwa nzito leo yaweza kuwa maji baada ya miezi. Anaacha chupa chache chini ya mabati, nyingine kivulini, anazifungua kila wiki na kuandika daftarini jinsi zinavyomiminika. Kwa sasa anatumia gramu 8 za selulosi hiyo na 2 za zanthani kwa kila kilo, na ameanza kujaribu 3 za zanthani, kwa ajili ya joto la Februari.