Chini ya Kapeti

Fundi alilishusha kapeti la nyasi bandia kutoka kwenye kirikuu, akaliegemeza ukutani likiwa bado limeviringishwa, kisha hakuligusa kwa siku nne.

Uani kwetu, Njiro, Arusha, masika yalikuwa na mazoea yake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta maji yametulia kama uji kwenye sinia, kuanzia mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, na hapo yatakaa siku tatu. Ukoka tuliopanda ulioza mizizi mara mbili. Kiangazi udongo ule ule ulipasuka nyufa za kumeza kidole. Nilipoziona nyasi bandia nikadhani dawa imepatikana: tandika, sahau matope.

"Fundi, mbona hufungui kapeti?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Hilo la mwisho, mama. Kwanza nijue maji yako yanataka kwenda wapi."

Akachimba shimo la kina cha sentimita 30, akalijaza maji, akaacha yanywewe, akalijaza tena. Akachomeka kijiti alichokitia alama kwa kisu. Tulikunywa chai ya saa nne, tukarudi: maji yalikuwa yameshuka kwa upana wa ukucha. Hapo nikaelewa. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, na chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita. Zikilowa, zinavimba na kubanana hadi maji yanakosa upenyo. Kapeti lina matundu mgongoni, lakini matundu hayo yanayapeleka maji chini tu, na chini ni kule kule yalikogoma kupita. Ukilitandika juu ya udongo huo umefunika dimbwi, na wiki ya pili litanuka.

Nyasi hizi zilipata umaarufu mwaka 1966 huko Houston, Marekani, katika uwanja wenye paa ambamo nyasi hai zilikufa kwa kukosa jua. Sisi wengi tuliziona kwanza Nyamagana, Mwanza, na Kaitaba, Bukoba, mji ambao mvua haiuachi. Mtazamaji wa mpira husifu ule ukijani. Mimi sasa nikiutazama uwanja kama huo nawaza kilichozikwa chini yake.

Maana kazi yote imo humo. Fundi alikata udongo sentimita 15, akaulaza kwa mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita. Kipimo chake kilikuwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye maji. Ncha moja nashika mimi, nyingine yeye, na maji yenyewe yanatuambia wapi pako juu. Upande wa chini akachimba mtaro, akautandika kitambaa cha kuchujia, akalaza bomba lenye matundu, akalifukia kwa kokoto. Uani kote akamwaga kokoto, juu yake vumbi la kokoto, akalinyunyizia maji na kushindilia. Nilidhani anahesabu mapigo. Kumbe alikuwa anasikiliza: palipo na uwazi kishindilio kinatoa sauti ya ngoma, palipokaza kinatoa sauti fupi, kavu. Alirudia kona moja mara sita hadi ikanyamaza.

Nilimwaza babu wa fundi, ambaye sikumjua. Kwenye miteremko ya Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, Waarusha na Wameru waliyachepusha maji ya vijito kwa mifereji hadi migombani, mteremko wakiupima kwa jicho na kwa mwendo wa maji yenyewe. Mfereji ukizidi mteremko unajichimba, ukipungua unajaa tope. Na kule Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ipo mifereji iliyojengewa mawe katika mashamba yaliyolimwa takriban karne ya 15 hadi ya 18. Mwenye mikono inayojua mteremko ni mrithi wa watu hao, hata kama leo anafukia bomba la plastiki.

Siku ya nne nilimwomba autoboe ukuta, mtaro utokee barabarani, tumalize. Alikataa, kwa adabu lakini alikataa. "Mama, barabarani si kwamba yamekwisha. Yanashuka kwa mwenzio." Sikubishana. Aprili 2024, katika jiji hili hili, mkondo wa mafuriko ulisomba gari lililobeba wanafunzi na watoto wakafa. Kila ua uliosakafiwa unasukuma ndoo chache kwenda bondeni. Basi akachimba shimo kwenye kona ya chini, akaupita mfinyanzi, akafika kwenye changarawe nyeusi ya mlima, akalijaza mawe, na pembeni tukapanda migomba.

Ndipo akafungua kapeti. Aliliacha juani lilegee, akapanga vipande nyuzi zote zilale upande mmoja, akaunga, akachana nyuzi mbali na gundi kwa vidole, akamwaga mchanga mkavu na kuusugua kwa ufagio hadi ukazama. Kiungo nimekitafuta, sikioni. Chini ya mparachichi hakutandika kitu. Alisema mti unahitaji kupumua, na plastiki ya mchana wa Januari huunguza nyayo za watoto, wawe na mahali pa kukimbilia. Nafurahi nilimsikiliza.

Alipoondoka aliniomba nimpigie mvua kubwa ya kwanza itakapofika. Ilifika usiku wa saa tano. Nilitoka na mwavuli na tochi; uani hapakuwa na maji yaliyosimama. Nikampigia, nikaisogeza simu kwenye mdomo wa shimo, migomba ikinirushia matone shingoni. Alikaa kimya kitambo.

"Yanapita," alisema. "Lakini kuna mahali panagugumia, karibu na kona. Kesho nitakuja na kokoto kidogo."