Sifa za Mtangazaji wa Mtaani

Kwenye ploti nyingi za Korogocho, Nairobi, kati ya chumba na chumba kuna bati tu, kwa hiyo redio moja ikifunguliwa alfajiri husikika milango minne. Majirani hawajaombwa ruhusa, wala hakuna anayelalamika, maana kila mmoja anangoja chake. Yupo anayetaka kujua kama mfereji utatoa maji leo. Yupo kijana anayengoja wimbo wa rafiki yake uliorekodiwa juzi Dandora. Mzee wa chumba cha mwisho husikiliza matangazo ya vifo hadi mwisho kabla hajavaa viatu, na mama mboga anataka kusikia kama fomu za bursari bado zinatolewa au zimekwisha. Wote hao huhudumiwa na mtu mmoja aliyeketi mbele ya maikrofoni. Ni yeye ninayetaka kumsifu.

Koch FM ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wa Korogocho wenyewe, studio yao ikiwa ndani ya kontena la chuma. Masafa waliyopewa ni 99.9, na hapo pana jambo linaloeleza kazi yote. Pamoja FM ya Kibera, upande mwingine wa jiji, ilipewa masafa hayo hayo. Iliwezekana kwa sababu mitambo yao ni midogo. Sauti ya Koch hufifia kabla ya kukutana na sauti ya Kibera. Wengi huuona udogo huo kuwa umaskini wa redio za kijamii. Mimi nauona kuwa ndio shule yao. Mtangazaji ambaye sauti yake haivuki Kariobangi na Dandora kwa mbali anazungumza na watu wanaoweza kutembea kwa miguu hadi mlangoni pake kumuuliza alichosema. Akikosea jina la marehemu, atakutana na mjane sokoni. Akimsifia mwenye kioski anayeuza maji machafu, atayanywa maji hayo hayo.

Redio ya kutoa mawaidha haikuanzia hapa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 kwenye Sauti ya Kenya, na kwa zaidi ya nusu karne akawafunza Wakenya adabu za kuishi pamoja: namna ya kupanga foleni, namna ya kukaa kwenye basi, namna ya kumtembelea mtu bila kumsumbua. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa Jeshi la Anga walimchukua kwake Ngara wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walijua kwamba nchi ingeliamini jambo likitoka kinywani mwa mtu yule aliyezoea kuwauliza watu kuhusu ungwana. Imani hiyo hujengwa kwa vitu vidogo vya kila siku, na ndiyo maana siwezi kumsikia mtu akikidharau kipindi cha asubuhi kwamba ni porojo. Mwaka huo huo wa 1982 redio ya kwanza ya kijamii nchini ilifunguliwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, nayo ikafungwa mwaka 1984. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya vijana wa Korogocho kuwa na kontena lao.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Watu hudhani kazi ya mtangazaji ni sauti. Sauti nzuri husaidia, lakini nimewasikia wengi wenye sauti ya kutetemesha vioo wasioweza kuendesha saa moja ya kipindi cha mseto bila kuumiza mtu. Kazi ni kuunganisha. Chukua tangazo la kifo. Familia imeleta karatasi yenye jina la marehemu, mahali pa mikutano ya mazishi, na nambari ya kutuma mchango. Kulisoma si kazi kubwa. Kazi ni zile sekunde kumi zinazofuata. Mtangazaji mchanga huogopa ukimya, na akimaliza tu kusoma hubonyeza tangazo la sabuni, hata waliofiwa wakasikia jina la baba yao likifukuzwa hewani. Fundi hunyamaza kidogo. Kisha hurudia jina na mahali pa mkutano, polepole, maana anajua kwamba aliyekuwa akitafuta kalamu sasa ameipata. Halafu hutaja saa. Akishataja saa anaweza kwenda popote, kwenye habari za barabara au za maji, kwa sababu saa ni ya wote: haimtupi mfiwa, wala haimkawishi anayekimbilia gari. Nimelisikia likifanywa mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi jambo dogo hivyo linavyoweza kubeba heshima kubwa hivyo.

Mpangilio ndiyo akili ya mseto. Kwenye gazeti, kifo kina ukurasa wake, michezo ina wake, na msomaji huruka apendavyo. Msikilizaji hana pa kuruka. Anapokea kila kitu kwa zamu aliyopangiwa, akiwa anachemsha chai, na mpangaji mbaya anaweza kumharibia siku nzima. Kwa hiyo habari nzito haiji ya kwanza saa kumi na mbili, watoto wakiwa bado wanavaa sare za shule. Bei ya unga na mafuta ya taa hutajwa mapema, kabla ya mama kutoka kwenda kununua. Mjadala wa ndoa hungoja mchana, wanaume waliotoka kazini usiku wakiwa wamelala.

Baada ya mpangilio kuna kazi ya kuigeuza habari iwe msaada. Hapa ndipo redio ya mtaani inapoushinda ukumbi wa habari wa mjini, na mfano wa karibuni unatosha. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF. Taarifa ilisema mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usipungue shilingi 300 kwa mwezi, na kwamba asiye na ajira rasmi alipe wa mwaka mzima kwa pamoja. Ikisomwa hivyo, habari hiyo ni sahihi na haimfai mtu. Anayeisikiliza Korogocho ni mchambuzi wa plastiki kwenye jaa la Dandora ng'ambo ya mto, anayelipwa jioni kwa uzito wa alichookota mchana. Asilimia ya nini, na mapato yake yanabadilika kila siku? Mtangazaji fundi huikokotoa hewani: hata kwa kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600, tena kwa mkupuo mmoja. Kisha humwita mhudumu wa afya wa jamii, anayejulikana na wasikilizaji kwa jina, amuulize swali la kweli: aliyejisajili lakini hajaweza kulipa, akimpeleka mtoto zahanati atarudishwa? Na jibu, kwamba huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali zina mfuko wake na kinachotakiwa ni kujisajili, lina uzito kuliko asilimia zote. Mtu amesikiliza habari za taifa, na amejua la kufanya kabla ya saa sita.

Jaa hilo lenyewe limekuwepo tangu miaka ya 1970, na mwaka 2001 jiji lilitangaza kwamba limejaa. Magari ya taka hayajaacha kwenda. Moshi wake huvuka mto. Kwa hiyo mtangazaji wa Korogocho akizungumzia kikohozi cha watoto, anazungumza akiwa na moshi ule ule kooni, na hawezi kumwambia mama afunge tu madirisha, kwa kuwa anajua chumba hicho kina dirisha moja na jiko liko ndani.

Sanaa nayo ina sehemu yake, na hapa nina lawama kidogo. Eastlands imeipa nchi muziki mwingi kuliko inavyokumbukwa. Kalamashaka walitoka Dandora miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba hip hop inaweza kusema kwa Kiswahili na Sheng bila kuazima ulimi wa mtu. Korogocho yenyewe, kwenye eneo la kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, ina watoto wa Ghetto Classics wanaojifunza fidla na tarumbeta. Lakini mara nyingi msanii huitwa studio ili kujaza nafasi kati ya matangazo mawili, aulizwe anampenda nani, kisha apigiwe wimbo nusu. Fundi hamfanyii hivyo. Humuuliza mchezaji fidla ni uzi upi huchelewa kumtii, na humuuliza mchoraji wa matatu rangi ipi hupauka kwanza juani. Msikilizaji anayefua nguo hujikuta amejifunza jambo kuhusu kazi ya mwenzake, naye msanii huondoka akiwa ameheshimiwa kama mtu wa kazi.

Kuna pia ufundi wa kutosema. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vurugu ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na Tume ya Waki, iliyozichunguza, ikasikiliza malalamiko kuhusu vituo vya redio vilivyochochea chuki. Pamoja FM ya Kibera, kwa upande wake, ilisifiwa kwa kuhimiza utulivu wakati mitaa inayoizunguka ikiwaka. Ninapofikiri juu ya siku zile, namwona mtangazaji ambaye simu imeingia hewani, sauti upande wa pili inakaribia kulitaja kabila, na kidole chake kiko kwenye kitufe. Ana pumzi moja ya kuamua. Akikata ovyo, mpigaji atasema amezibwa mdomo, na wenzake wataamini. Akichelewa, neno limetoka na halirudi. Naye akiambiwa kuna nyumba zinachomwa, hana sababu ya kuirudia habari hiyo kabla ya kutuma mtu akaangalie, kwa kuwa mahali penyewe ni dakika chache kwa miguu. Ule udogo wa mtambo unamfaa tena hapa: karibu kila uvumi unaweza kuthibitishwa kabla wimbo wa pili haujaisha.

Wengi wa watangazaji hawa hujitolea, au hulipwa kiasi kisichotosha kodi ya nyumba, na akishaiva mtu huchukuliwa na kituo kikubwa cha mjini. Siwalaumu wanaoondoka. Nasikitika kwamba anayebaki huanza upya na mwanafunzi mwingine, tena bila kitabu cha kazi hii, kwa sababu hakuna aliyeketi kukiandika.

Kama ningepewa kijana wa kumfunza, nisingemwanzia kwa muziki. Ningempa tangazo la mtoto aliyeokotwa. Aseme ni wa kiume au wa kike, umri wa kukadiria, amekutwa wapi, anaitikia jina gani. Alama moja aiache bila kuitaja, kovu au rangi ya soksi, ili atakayekuja kumdai aitaje mwenyewe. Alirudie tangazo kila baada ya nusu saa akibadilisha maneno ili watu wasizoee, bila kubadilisha ukweli. Mzazi akipatikana na maafisa wa watoto wakaridhika, arudi hewani awaambie wasikilizaji kwamba mtoto amefika kwao. Hilo la mwisho husahaulika sana, na watu huendelea kuulizana mitaani habari za mtoto ambaye amekwisha kula na kulala.