Kuupima Mtaala wa Jiografia Kabla ya Kuununua

Mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani hukutana na vitabu vya jiografia vyenye majalada ya kuvutia, picha za volkano na ahadi nyingi. Kwa mtoto wa miaka 11 hadi 14 hapo ndipo penye hatari. Katika umri huu mtoto ameshachoka kukariri majina ya miji mikuu na ameanza kutaka sababu. Mtaala unaoendelea kumpa majina tu humfundisha kwamba jiografia ni somo la kumbukumbu, na imani hiyo ikishajengeka ni kazi ngumu kuivunja.

Usianze na yaliyomo. Fungua ukurasa unaohusu mahali unapopajua. Mitaala mingi inayouzwa kwa familia zinazosomesha nyumbani imetungwa Marekani au Uingereza, kwa hiyo namna inavyoieleza Afrika Mashariki inakuonyesha jinsi waandishi walivyofanya kazi pale walipodhani hakuna atakayewakagua. Tafuta Ziwa Tanganyika. Kitabu dhaifu kitasema ni ziwa refu lenye kina kikubwa, kisha zoezi litauliza: ni ziwa gani refu lenye kina kikubwa? Kitabu kizuri kitaliweka kando ya Ziwa Victoria. Victoria lina eneo mara mbili ya Tanganyika, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, ilhali Tanganyika linashuka hadi karibu mita 1,470. Kwa nini? Kwa sababu Tanganyika limejaa ndani ya mpasuko wa Bonde la Ufa, mkono wa magharibi, na Victoria limetanda kwenye bonde pana la kina kifupi kati ya mikono miwili ya ufa huo. Mtoto aliyeelewa hivyo ataliona Ziwa Nyasa kwenye ramani, refu na jembamba, na atabashiri mwenyewe kwamba lina kina kirefu kabla hajaambiwa. Ubashiri wa namna hiyo ndio ninaoutafuta katika kila sura.

Kipimo cha pili ni pepo. Vitabu vingi hueleza pepo za msimu kama jambo la India na mvua zake, vikaishia hapo. Kaskazi na kusi, pepo za pwani yetu, je? Sura iliyoandikwa vyema humwonyesha mtoto jinsi bara la Asia linavyopata joto katikati ya mwaka na kuvuta hewa kutoka baharini, kisha linapopoa kuelekea Desemba hewa hurudi upande wetu. Kutoka hapo inamfikisha kwa watu: majahazi yaliyoteremka kutoka Oman na Ghuba kwa kaskazi, mabaharia waliokaa Mombasa na Unguja wakisubiri kusi iwarudishe, na miji iliyokua kwa sababu ya kusubiri huko. Sura ya hali ya hewa inayoishia kwenye jedwali la mvua haijamaliza kazi yake.

Sasa itazame ramani ya dunia iliyomo. Ile ya Mercator, ya 1569, ilichorwa kwa ajili ya mabaharia, na kwa kushika mwelekeo wa dira ni ramani bora kabisa. Kwa ukubwa wa nchi inapotosha vibaya: Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa takriban mara 14, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake inaizidi Greenland. Sikikatai kitabu kwa kuwa na ramani hiyo. Nakikataa kikiiweka mbele ya mtoto bila kumwambia kwamba hakuna namna ya kuutandaza mviringo wa dunia kwenye karatasi pasipo kuharibu kitu, ama umbo, ama eneo, ama umbali. Vilivyo bora humpa ramani mbili tofauti na kumtaka azilinganishe na tufe.

Mwaka wa toleo ni rahisi kuukagua; angalia kama kitabu kinayo mabadiliko haya: Sudan Kusini ya 2011, jina la Eswatini la 2018, Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, kaunti 47 za Kenya, mkoa wa Songwe wa 2016. Hata hivyo, kati ya kitabu cha zamani kinachoeleza vizuri jinsi mto unavyochimba bonde na kipya chenye picha tupu, ningechukua cha zamani. Mpaka uliopitwa na wakati unasahihishwa kwa kalamu. Maelezo ambayo hayakuandikwa hayasahihishiki.

Michezo ya kompyuta ya kubofya nchi haina ubaya, lakini ni mazoezi ya kumbukumbu tu, na haistahili kugharimu fedha nyingi.

Kwenye mazoezi, angalia ni mangapi yanamtoa mtoto nje ya nyumba. Kutengeneza kipimamvua kwa chupa na kuandika vipimo msimu mzima wa masika. Kwenda sokoni kuuliza vitunguu vimetoka Mang'ola au kwingine, viazi vimetoka Nyandarua au kwingine, na vilisafiri kwa barabara ipi. Kuchora ramani ya bara kwa kichwa, bila kuangalia, kisha kujisahihisha kwa atlasi. Angalia pia kama mtoto anafundishwa kusoma kontua kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja ardhini. Atakutana nayo kwenye mitihani ya sekondari, na mtoto aliyekwisha kupanda mlima akiwa na ramani yake mkononi haiogopi.

Mwisho soma mwongozo wa mwalimu, hasa majibu. Majibu ya neno moja moja yatakuacha peke yako siku mtoto atakapouliza kwa nini. Fedha zikiwa chache, nunua kwanza atlasi nzuri na karatasi ya ramani ya eneo lenu, kisha omba sura moja ya mfano, ile ya mito, uisome pamoja na mtoto kabla hujalipia iliyobaki.