Kipimo cha Hewa ya Mlola

Pikapu kuukuu ikizima mlimani, lawama ya kwanza huiangukia petroli, ya pili plagi, ya tatu yule aliyeiendesha jana. Kabureta hukumbukwa mwisho, mara nyingi baada ya plagi mpya kununuliwa bure na tanki kushushwa bure. Nataka kuisifu kazi ya mtu anayekifungua kifaa hicho, hasa anayekifungulia Mlola, milimani Lushoto, kwa sababu hesabu yake ina tarakimu ambayo fundi wa Tanga mjini haihitaji: kimo cha mlima.

Kabureta haina kompyuta wala waya wa kuipa habari. Ni koo la chuma chepesi lililobanwa katikati. Hewa inayovutwa na injini ikifika penye mbano huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka shinikizo hupungua. Petroli iliyotulia kwenye bakuli la pembeni husukumwa na hewa iliyo juu yake, ikapanda kupitia kitundu cha shaba na kurushwa ndani ya koo kwa matone madogo mno. Mbano huo umepewa jina la Mtaliano Giovanni Battista Venturi, aliyefariki mwaka 1822, miongo mingi kabla ya gari la kwanza la petroli. Yeye alishughulika na maji kwenye mabomba. Kitundu cha shaba ndicho jeti, na humo ndimo ugomvi wote ulimo. Ili petroli iungue yote, kila gramu 1 inataka gramu 14.7 hivi za hewa. Jeti ikipanuka kwa upana wa unywele, hesabu hiyo imeharibika.

Sasa tupande. Mombo iko kwenye mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukimaliza kona za Soni ukaingia Lushoto mjini, umefika karibu mita 1,400, na safari yenyewe haizidi sana kilomita 30. Hapo hewa imekuwa nyepesi kwa karibu asilimia 10. Injini bado inavuta ujazo uleule, ila gramu zilizomo zimepungua. Jeti haina habari, inaendelea kumimina karibu kama ilivyozoea bondeni, na petroli inazidi kwa asilimia kama 5. Ukiisikia unaweza kuipuuza. Ipandishe kwenye gari lililotoka Mlola na magunia ya viazi na kabichi, likitafuta Magamba kwa gia ya pili, ndipo utaiona: moshi mweusi kwenye ekzosi, masizi kwenye plagi, na mwenye gari anayelalamika kwamba faida ya mzigo imeishia kwenye tanki.

Baridi ya Juni na Julai husaidia kidogo, kwani hewa ya baridi ni nzito. Lakini baridi hiyohiyo ina ujanja wake. Petroli inapogeuka mvuke hukipoza chuma kilicho jirani. Hewa ikiwa na ukungu mzito, barafu inaweza kuganda ndani ya koo la kabureta hata kama nje hakuna barafu popote. Gari linaishiwa nguvu, linazima. Dereva anashuka, anafungua boneti, anakaa pembeni akiwalaani waliomuuzia. Joto la injini linapanda taratibu, barafu inayeyuka, gari linawaka kwa ufunguo wa kwanza. Nimeshawasikia watu wazima wakisema kipande fulani cha barabara kina wenyewe. Sitaki kubishana nao, ila ningependa wenyewe hao waulizwe kama wanapatikana pia wakati wa kiangazi.

Fundi ninayemsifu hapa ana mteja wake wa kudumu: Land Rover 109 ya mwili wa pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25, ile ya familia ya Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Juu ya injini hiyo hukaa kabureta ya Zenith 36 IV. Maradhi yake yanajulikana dunia nzima. Ndani ya mfuniko wa juu kuna kipande kilichobeba njia za petroli na jeti zake, na nyuso hizo mbili zinapaswa kukutana bila mwanya. Miaka ya joto, pamoja na skrubu zilizokazwa na watu wenye hasira, huzipinda. Petroli hupenya penye mwanya na kujitiririkia kwenye koo bila kupimwa na jeti yoyote. Gari halitulii kwenye sailensi, na kila likisimama sokoni linanuka mafuta.

Wengi hapo hukaza skrubu zaidi, na ubapa unazidi kupotea. Fundi mwenye subira anaomba kipande cha kioo cha dirisha. Analaza juu yake msasa laini uliolowa, anashika kile kipande kwa vidole vitatu na kukizungusha, akikigeuza kila baada ya muda ili asile upande mmoja. Anakiinua, anatazama sehemu zinazong'aa na zilizobaki nyeusi, anarudi tena. Nyeusi zikiisha, uso umenyooka. Anabadilisha mpira mdogo wa mviringo, anakata gasketi mpya, anakaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe. Hakuna nguvu yoyote katika kazi hii, na ndiyo maana vijana wenye misuli huichukia.

Jeti nayo ina adabu yake. Mwaka 1888 Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, bomba la petroli liliziba njiani akalizibua kwa pini ya kofia. Kwa bomba ni sawa. Ukiingiza pini ya chuma kwenye jeti ya shaba umeshaipanua, na hakuna macho yatakayoona kosa hilo, isipokuwa pampu ya sheli baada ya wiki. Fundi mzuri hupuliza kwa upepo. Uchafu ukikataa, huchukua uzi mmoja wa waya laini wa umeme, ambao ni laini kuliko jeti yenyewe.

Mara nyingine kabureta haina hatia. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, gari huwaka kwa shida asubuhi na kugonga likibeba mzigo, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyatia mafuta alama maalumu mwaka 2010 ili uchakachuaji huo ubainike. Fundi hudondosha matone kwenye kiganja. Petroli safi hukauka na kuacha ngozi kavu, iliyochakachuliwa huacha utelezi.

Je, Zenith ikiwa imechoka kabisa? Hapa ndipo penye ubishi wa kijiweni. Kuna Weber 34 ICH, yenye jina la Edoardo Weber aliyeanza kazi Bologna mwaka 1923. Ni ndogo, nyepesi kurekebisha, na inabana mafuta. Lakini koo dogo linanyima hewa injini inapotakiwa kuvuta kwa nguvu, na barabara zetu zinataka kuvuta kuliko kukimbia. Kuna na nakala mpya za bei nafuu zinazofika kwenye boksi linalong'aa, ambazo jeti zake wakati mwingine hazilingani na namba zilizochorwa juu yake. Mimi naipendelea Zenith ya zamani iliyosuguliwa kuliko nakala mpya, na Weber ningeiweka kwenye gari la kupeleka watu msikitini na harusini. Wenye Hilux za zamani wananicheka, kwa kuwa kabureta zao za Aisan zina kidirisha cha kioo chenye alama ya kuonyesha kimo cha petroli bakulini. Wana haki ya kucheka. Kimo hicho ni jambo kubwa mlimani: gari likiinamia nyuma kwenye mwinuko mkali petroli nayo huinama, na floti, boya lililomo bakulini, ikiwekwa juu mno huifurikisha injini palepale kwenye kona.

Malipo ndiyo yanayoniudhi. Fundi akibadilisha kifaa, mteja analipa bila neno. Akishinda saa tatu na kipande cha kioo, anaulizwa.

"Fundi, umeweka nini kipya?"

"Gasketi na mpira, mzee wangu."

"Basi mbona hela yote hiyo?"

Sijawahi kusikia jibu la swali hilo lililomridhisha mteja. Huenda ndiyo sababu vijana wengi hukimbilia bodaboda, ambazo nazo nyingi zina kabureta ndogo, zinafunguka kwa dakika chache na kulipa siku hiyohiyo. Sidharau. Kijana aliyezoea kuinua na kushusha sindano ya kabureta ya bodaboda mpaka plagi ikabadilika rangi ameshashika nusu ya elimu. Nusu iliyobaki ni kusubiri.

Kusubiri huko huonekana wakati wa majaribio. Gari halipimwi uani. Linapakiwa mzigo, linapandishwa kilima, na katikati ya kuvuta dereva anakanyaga klachi na kuzima injini palepale. Plagi inafunguliwa ikingali ya moto. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, imepungua, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi kwa sababu valvu za ekzosi huungua kimyakimya. Kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa. Kwa hewa ya Mlola, jeti ndogo kwa namba moja huleta kahawia hiyo vizuri. Tatizo ni kwamba kahawia ya Mlola ikifika Mombo hugeuka nyeupe, na mbele ya Mombo kuna mamia ya kilomita za joto hadi Dar es Salaam.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo lake la jeti, fundi humuuliza mwenye gari anauzia wapi. Anayeishia soko la Lushoto anapewa jeti ndogo. Anayeshusha kabichi mpaka Dar anabakiziwa ya kiwandani, na kuambiwa anunue brashi ya waya ya kusafishia plagi kila akirudi nyumbani.